Ngamia Aliyesubiri Ndege Embakasi

Leo nimeaibika mbele ya watu hamsini na ngamia mmoja. Ngamia ndiye pekee aliyeniangalia kwa huruma.

Naandika haya nikiwa nimejifungia chumbani. Simu nimeizima sauti, kwa sababu binamu zangu tayari wananitumia picha za ngamia aliyefungwa mkanda kwenye kiti cha ndege. (Wamezitengeneza kwa programu ileile. Tutafika huko.) Afadhali mkipate kisa kutoka kwangu kabla hakijawafikia kikiwa na viungo vya watu wengine.

Kwa wasiojua nilipo siku hizi: nimepata kazi. Karibu nimepata. Ni maktaba ndogo ya mtaa hapa Garissa, niko kwenye majaribio ya miezi mitatu, na Jumatatu mkuu wangu, Bi. Kanini, anaamua kama nitapewa mkataba au nitarudi nyumbani kusubiri kupigiwa simu. Nimesubiri kupigiwa simu tangu nihitimu. Naijua simu hiyo. Haipigwi.

Bi. Kanini ni mtu wa Kitui, mpole, miwani yake anaining'iniza shingoni kwa kamba. Aliniambia nibuni kitu cha kuwaleta watu maktabani, maana wanaokuja sasa ni wanafunzi wanaotafuta mahali pa kuchajia simu. Nikawaza siku nne. Nikaandika mawazo kumi na saba, nikafuta kumi na sita. Likabaki moja: maonyesho ya picha za ndege za zamani za babu.

Babu mzaa mama alikuwa akijaza ndege mafuta kule Embakasi, Nairobi, zama zile uwanja ulipokuwa na roshani ya watu kusimama na kuwapungia mkono wasafiri. Alikuwa na kamera ndogo. Akimaliza kujaza mafuta, anarudi nyuma hatua ishirini, anapiga picha. Harusi yake haina picha hata moja. Mama yangu alipozaliwa, hakupigwa picha. Ndege zimepigwa albamu nzima. Kuna Dakota za rafadha zilizoinua pua kama mtu aliyetukanwa. Kuna 707 ndefu zinazong'aa. Na kuna ile aliyoipenda kuliko zote, VC10, ambayo injini zake nne zote zimebanana mkiani, mbili huku na mbili huku, mabawa hayana kitu. Pembeni kuna magari ya mizigo, ngazi za kusukumwa, wanaume wenye kofia, wanawake wanapanda na mikoba midogo kana kwamba wanakwenda kuapishwa. Nikizitazama naikumbuka Embakasi ambayo sikuwahi kuiona. (Nimezaliwa juzi. Ndege nilizopanda maishani ni sifuri.)

Bi. Kanini alizipenda. Akauliza swali moja tu: watu wa hapa watajiona wapi kwenye hizi picha?

Alimaanisha tuweke vigoda na vibuyu vya maziwa pale mlangoni, pafanane na kwetu. Ameniambia hivyo leo, baada ya yote. Lakini mimi sijawahi kuulizwa swali jepesi. Mtu akiniuliza umeamkaje, nachunguza kwanza anataka kujua nini hasa.

Sasa, ile picha ya VC10, ambayo tuliamua kuichapa kubwa kuliko zote, ilikuwa na kasoro. Kona ya chini, upande wa kushoto, ililiwa na mchwa. Shimo la ukubwa wa kiganja. Nikajiambia shimo lazima lizibwe. Kwa kitu gani? Kwa nyasi. Nyasi tupu, lakini? Nikakumbuka swali la Bi. Kanini. Nikakumbuka pia kwamba Embakasi ya zamani ilipakana na mbuga, na mtu angeweza kumwona twiga. Kama twiga anaruhusiwa, ngamia amekosa nini? (Hivi ndivyo kichwa changu kinavyofanya kazi. Nina shahada.)

Eeddo Khadra, yaani shangazi yangu, anauza maziwa ya ngamia sokoni Suuq Mugdi. Ngamia zake wako malishoni na wachungaji, isipokuwa jike mmoja aliyechomwa na mwiba mguuni. Aliletwa mjini kutibiwa, akapona, akakataa kurudi porini. Sasa anakaa uani kwa eeddo, mtaa wa Bulla Iftin, anakatiwa matawi kama bibi harusi. Nikampiga picha. Nikamkata kwa programu ya simu, nikamtoa rangi, nikamfifisha mpaka akapata sura ya miaka ya sabini. Nikamsimamisha kwenye shimo la mchwa, nyuma ya ua wa waya, anaitazama ndege. Alipendeza. Alikuwa kama abiria anayesubiri kuitwa jina.

Picha yenyewe ya ngamia nikaifuta kwenye simu. Kwanza, simu ilikuwa imejaa. Pili, niliwaza: nikifa ghafla, watu wafungue simu yangu waone nilichokuwa nikifanya?

Halafu nikaingiwa na hofu nyingine. Siku hizi ukionyesha picha yoyote ya ajabu, watu wanasema imetengenezwa na kompyuta. Na VC10 ni ya ajabu, hata mimi nakubali. Kwa hiyo chini ya kila picha nikaweka maandishi yaliyochapwa kwa herufi nene: PICHA HALISI. HAIJAONGEZWA WALA KUPUNGUZWA KITU.

Nilipofika kwenye ile ya ngamia, nilisimama na karatasi mkononi kwa dakika kumi. Mwisho nikajiridhisha hivi: ndege ni halisi, ngamia ni halisi, nyasi ni halisi. Vyote ni halisi, ila vimechelewa kukutana. Nikabandika.

Basi leo saa nne asubuhi tukafungua.

Watu walikuja wengi kuliko nilivyoota, kwa sababu Bi. Kanini alitangaza chai na mahamri. Mgeni wa heshima akahutubia kwa nusu saa juu ya umuhimu wa kuhifadhi historia, halafu akaomba apigwe picha akiwa amezipa picha mgongo. Vijana wakajipiga picha. Akina mama wakakaa penye feni. Ndege za babu hazikutazamwa na mtu. Mzee mmoja aliniuliza kama hizo ndizo zinazoleta miraa Wajir. Nikaanza kumweleza tofauti. Akaniambia hana haja ya tofauti, alitaka tu kujua kama miraa ingefika ikiwa mbichi.

Ndipo wakaingia Mzee Dubow na Mzee Shire.

Hawa wawili mji mzima unawajua. Kila siku baada ya sala ya alasiri wanakaa kwenye kibanda kimoja, viti vilevile, wanakunywa chai na kubishana. Wamechunga pamoja ujanani. Mzee Dubow ni wa kwetu, nyumba moja na marehemu baba na eeddo Khadra. Mzee Shire ni wa ukoo mwingine. Kwa wao wawili hilo halijawahi kuwa neno. Kwa wengine wetu, huwa neno tukikosa la kuzungumza.

Mzee Dubow alitembea taratibu na bakora yake, akapita Dakota, akapita 707, akafika kwenye VC10. Akasimama. Moyo wangu ukafurahi. Nikasema hatimaye, mtu mmoja mwenye macho. Akainama. Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Nikasogea na mimi, tayari kumweleza habari za injini za mkiani.

Hakuwa kwenye injini. Alikuwa chini, kushoto.

"Shire," akaita, bila kugeuka. "Njoo usome hapa."

Hakuna cha kusoma pale, mngesema. Kipo. Shingoni kwa kila ngamia wa kwetu kuna alama ya kuchomwa kwa chuma, tunaiita sumad. Ni kama namba ya gari, isipokuwa haiibiwi kirahisi. Kwetu ni mistari miwili na kiduara chini yake, na kiduara kile ni cha nyumba moja tu. Nilifikiria kila kitu kwenye picha ile. Nilifikiria kivuli cha ngamia kiangukie upande gani. Nilifikiria urefu wa nyasi. Shingo sikuifikiria. Mimi nimesoma mpaka chuo kikuu na sikuifikiria shingo, na katika ukumbi ule nadhani nilikuwa peke yangu.

Mzee Shire akavaa miwani. Akasoma.

Sasa lazima niwape habari ya zamani, na nitaisema kwa kifupi jinsi Mzee Dubow alivyoieleza leo, kwa sauti ya kumfikia mtu aliye ng'ambo ya mto. Walipokuwa vijana, mwaka wa ukame mkubwa, Mzee Dubow aliugua, akamkabidhi Mzee Shire ngamia jike aliyempenda kuliko wote. Mzee Shire akarudi baada ya wiki mbili bila ngamia. Alisema ngamia ameliwa na simba karibu na Modogashe. Alichorudisha ni kengele ya mti aliyokuwa akivaa shingoni. Mzee Dubow alimwamini. Hawakuzungumza tena habari hiyo mpaka leo saa tano kasoro robo, mbele ya mahamri.

"Simba," alisema Mzee Dubow, akigonga kioo kwa kidole. "Simba huyu ana injini nne."

Mngeusikia ukumbi ulivyolipuka. Feni hazikusikika tena.

Watu wetu wakipata fumbo hawalipi nafasi ya kupumua. Ndani ya dakika mbili kisa kilikuwa kimekamilika. Shire alimpeleka ngamia Nairobi. Alimuuza kwa Waarabu. Waarabu wakaja na ndege kumchukua. Ndiyo maana ndege ni kubwa. Ndiyo maana ngamia yuko nyuma ya ua, anasubiri foleni. Mama mmoja akauliza kwa nini hana kengele, na Mzee Dubow akajibu kwamba hapo ndipo penye akili ya mwizi, alimvua kwanza. Kijana mmoja akataka kujua kama ngamia huketi mbele na wakubwa au nyuma. Akaambiwa anyamaze, jambo ni zito. Kisha watu wawili wakaanza kulijadili swali lake kwa uzito.

Na kila aliyetaka kutilia shaka alioneshwa maandishi chini. Picha halisi. Haijaongezwa wala kupunguzwa kitu. Herufi nene. (Nilizichagua nene mimi mwenyewe.)

Mzee Shire hakubishana. Hilo ndilo lililonimaliza. Yule mzee anabishana hata juu ya saa. Leo alisimama mbele ya picha, mikono miwili juu ya bakora, akamtazama yule ngamia kwa muda mrefu kana kwamba anajaribu kukumbuka kama kweli alifanya kitu kile.

"Dubow," akasema polepole. "Mimi nilimlilia yule ngamia kabla yako."

Mzee Dubow alimgeukia Bi. Kanini, ambaye kwa sababu yake ilibidi aache Kisomali aingie Kiswahili, akamwambia: "Mama, hii ngamia ni yangu. Nataka hii bicha iende kwa chifu."

Bi. Kanini akanitazama. Akanivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini kama picha ile ina tatizo lolote ambalo yeye hajui.

Nikaenda chooni.

Huko nikafikiria. Nikisema kweli, mkataba umekwisha, maana ni mimi niliyeandika maandishi yale na Bi. Kanini aliyapitisha akiniamini. Nikinyamaza, mzee wa miaka sabini na kitu anaondoka hapa akiwa mwizi, na kibanda cha chai kitabaki na mtu mmoja. Labda ningesema nusu ya kweli? Labda ningesema mashine ya kuchapa ilikosea? (Mashine ikakosea ngamia mzima.) Labda ningezimia? Nilijaribu kidogo. Siwezi.

Nilipotoka nikamkuta binamu yangu Yussuf ananisubiri mlangoni. Alikuwa amekuja kula mahamri tu, lakini sasa macho yalimng'aa. Alihisi kitu usoni mwangu. Akaninong'oneza kwamba lolote ninalojua nilifunge mdomoni, kwamba ngamia wetu amerudi baada ya nusu karne, na mimi ni nani wa kumfukuza.

Nikatazama ndani. Mzee Shire alikuwa anatafuta viatu vyake mlangoni, na hakuna aliyemsaidia kuvisogeza.

Nikapanda juu ya kiti. Sijui kwa nini nilipanda. Ningeweza kuongea nikiwa chini kama watu wote.

"Ngamia nimemweka mimi," nikasema.

Vichwa vikainuka kunitazama.

"Kwa simu. Mchwa walikula kona, nikaziba na ngamia. Hajawahi kufika Embakasi. Ni ngamia wa eeddo Khadra. Yuko Bulla Iftin sasa hivi anakula."

Nilitegemea mambo mengi. Kelele, kulaaniwa, Bi. Kanini kukaa chini. Sikutegemea kutokuaminiwa.

Mzee Dubow aliniangalia kwa upole, na huo upole ulikuwa mbaya. "Adeer," akasema. (Kwetu mzee anakurudishia jina lilelile unalomwita, kwa hiyo baba mdogo huyu naye aliniita baba mdogo, mimi binti.) "Adeer, shuka, utaanguka. Najua una moyo mzuri. Unataka kumfichia mzee wa watu aibu."

Nikasema hapana, ni kweli. Akaniuliza kama nilikuwa nimezaliwa wakati huo. Nikasema hapana. Akaniuliza kama nimewahi kuchunga. Hapana. Akauliza ngamia ana meno mangapi. Nikasema swali hilo halihusiani. Watu wakacheka. Wakaniambia nioneshe basi hiyo picha ya ngamia kwenye simu, na hapo nikakumbuka kwamba niliifuta kwa ajili ya kifo changu cha ghafla.

Mama mmoja akaeleza wenzake kwamba watoto wa siku hizi wakiwa na wasiwasi husema chochote. Mgeni wa heshima akapendekeza iundwe kamati.

Ni Mzee Shire aliyeniokoa, akiwa na kiatu kimoja mguuni. Alisema bila kumtazama mtu: kama ngamia yuko Bulla Iftin, aletwe.

Nikampigia eeddo. Sikueleza. Nilisema tu aje maktaba na ngamia, haraka. Kwa namna fulani hakuuliza swali hata moja. (Ananijua.)

Maktaba yetu ina sheria ishirini ukutani. Hakuna chakula, hakuna kelele, hakuna mifuko mikubwa. Ya ngamia haipo. Kwa hiyo baada ya dakika ishirini aliingia kwa amani kupitia lango la mbele, eeddo Khadra akiwa mbele na kamba na mtandio wake wa manjano, na umati wa Bulla Iftin nyuma. Akasimama uani. Watoto wakaacha vitabu. Vijana wawili wakaitoa VC10 ukutani wakaibeba nje, mita moja na nusu ya picha, wakaishika kando ya ngamia kama wanaomtambulisha kwa jamaa yake.

Ngamia akaitazama ndege. Akaendelea kutafuna.

Mzee Dubow alisoma shingo. Mistari miwili, kiduara. Uso ukamng'aa tena. Akatangaza kwamba mambo sasa yako wazi zaidi: alama ni ileile, uso ni uleule, basi huyu ni mjukuu wa yule, ambaye ni wazi hakuliwa na simba bali alizaa. Watu wakaguna kukubali.

"Dubow," akasema Mzee Shire, "yule wako alikuwa rangi gani?"

Mzee Dubow akasema mweupe, kila mtu alijua, aliitwa Adey kwa weupe wake. Mzee Shire akamwonyesha huyu wa uani. Ni mwekundu kama tofali. Mzee Dubow akajibu haraka kwamba wajukuu hubadilika. Ni kweli, hubadilika. Ila Mzee Shire hakuwa amemaliza. Alisogea, akamshika ngamia sikio la kushoto taratibu, akalifungua kama ukurasa. Kuna mpasuko, umbo la mkia wa samaki. Kisha akaweka kidole kwenye picha. Sikio lilelile, mpasuko uleule, na chini yake kovu dogo kwenye shavu. Katika picha. Embakasi. Miaka ya sabini.

"Eeddo yake mtoto," akamuuliza shangazi, "sikio hili limepasuka lini?"

Eeddo Khadra, ambaye bado hakuwa ameelezwa chochote, alijibu kwamba ni Ramadhani iliyopita, kwenye bati la lango lake, na kwamba yule fundi aliyelifunga lango lile watakutana Siku ya Hukumu. Akaongeza kwamba ngamia huyu hajawahi kuvuka daraja la Tana, sembuse Nairobi.

Nilijishusha nikakaa kwenye kizingiti. Nilidhani hapo ndipo aibu ilipofika kilele. Watu wote waligeuka, wakanitazama, na Yussuf akanipiga picha.

Mzee Dubow naye akalishika lile sikio, akabaki nalo mkononi.

"Kengele yake bado ninayo," akasema hatimaye. "Iko chini ya mto wangu."

"Najua," akasema Mzee Shire. "Mkeo alinilalamikia."

Hakukuwa na kuombana msamaha kwa namna ambayo mtu mwingine angeiona. Mzee Dubow alikwenda mlangoni, akainama kwa shida, akachukua kile kiatu cha pili cha Mzee Shire, akakileta na kukiweka mbele ya mguu wake. Mzee Shire akavaa. Wakaanza kubishana kama yule Adey alikuwa mweupe kabisa au alikuwa na kijivu mgongoni.

Hapo ningeweza kwenda nyumbani na aibu ya kawaida.

Lakini Mzee Dubow aligeuka. Akairudia picha. Safari hii, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, mtu aliitazama ndege.

"Adeer," akaniita. "Na hii?"

Nikasema hiyo ni VC10.

"Umeiweka wewe?"

Nikasema hapana, wallahi, hiyo ni ya kweli, babu aliijaza mafuta kwa mikono yake. Akauliza kwa nini injini zote ziko matakoni. Nikaanza kueleza kuhusu viwanja vifupi, na joto, na miji iliyo juu kama Nairobi, jinsi mabawa yasiyobeba kitu yanavyoinua ndege mapema. Nilieleza vizuri. Pengine sijawahi kueleza kitu vizuri hivyo maishani. Nilipomaliza, nikaona nyuso hamsini zisizoamini hata neno moja.

Yussuf akasema kwa sauti kwamba ndege halisi ina injini kwenye mabawa, kila mtu ameona. Mama wa kwenye feni akasema yeye tangu asubuhi alishuku ule mkia. Mwingine akauliza kama wale wanawake wenye mikoba nao nimewatoa Bulla Iftin. Mzee niliyemweleza habari za miraa akasema sasa anaelewa kwa nini nilikuwa nikikwepa swali lake.

Nikamgeukia Mzee Shire. Nilikuwa nimemwokolea heshima yake nusu saa iliyopita, nikiwa juu ya kiti. Nilimwomba kwa macho.

Akaitazama picha, akamtazama ngamia, akanitazama mimi. Ni mtu wa haki. Hawezi kupendelea.

"Tulikuwa na shaka na ngamia," akasema, "ukatuletea ngamia. Tukamshika sikio, tukaridhika. Sasa tuletee ndege."

Umati ukaona hayo ni maneno ya haki kabisa.

Nikawaambia zile ndege haziruki tena, chache zilizobaki ziko kwenye makumbusho huko mbali. Wakatikisa vichwa. Walisema haya ndiyo waliyotarajia ningesema. Mgeni wa heshima akahitimisha kwamba ndiyo hatari ya vijana na kompyuta, akaomba apigwe picha na ngamia.

Bi. Kanini alinisubiri mpaka uani pakawa patupu. Hakufoka. Alisafisha miwani yake muda mrefu. Akasema mambo mawili. La kwanza, hajawahi kuona watu wengi hivyo maktabani, na watatu wamejiandikisha uanachama. La pili, Jumatatu hatatia sahihi mkataba, ataongeza majaribio miezi mitatu, kwa sababu wazee wamelalamika rasmi kuhusu ile picha na wametaka maandishi yabadilishwe, na maneno wameyatoa wao. Nimeyachapa mwenyewe, kwa herufi nene, nikayabandika mwenyewe chini ya VC10 ya babu:

NGAMIA: WA KHADRA, AMETHIBITISHWA. NDEGE: BADO INACHUNGUZWA.

Msinicheke, nawasihi. Ila kama kuna yeyote kati yenu anayemjua mtu mwenye VC10, hata iliyopasuka sikio, naomba aifikishe Garissa kabla ya Jumatatu saa tatu.